Kutimiza miaka 60 mbele ya mjusi wa Tendaguru: jibu kuhusu safari ya miji mingi

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Lindi. Tarehe 4 Oktoba 2027 nitatimiza miaka 60, nami nitastaafu siku hiyohiyo. Kwa muda mrefu nimeweka akiba kwa ajili ya safari moja kubwa ya nje, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Ninatamani siku ya kuzaliwa kwangu inikute Berlin mbele ya mjusi wa Tendaguru, yaani kiunzi cha dinosaria kilichochimbwa kwetu Lindi, kisha nizione Roma, Paris na Istanbul, nikae na binti yangu anayeishi London, na mwishowe nipite Maskati kwa ndugu wa marehemu mama yangu. Nitafuatana na mdogo wangu wa kike mwenye miaka 54. Tuna kama wiki tano. Tupange vipi ili tusipoteze fedha wala nguvu?

Jibu: Shikamoo, Mwalimu, na hongera kwa utumishi unaouelekeza mwishoni. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na jambo lililonigusa ni kwamba katika miji sita uliyoitaja, ni mitatu tu uliyoitolea sababu. Berlin ina mjusi, London ina binti yako, Maskati ina ndugu za mama. Roma, Paris na Istanbul umezitaja kwa majina tu. Ushauri wangu wote unatoka hapo: safari ya kuadhimisha umri hujengwa juu ya siku moja na watu wachache, na kila kituo kingine kinapaswa kukubali kupunguzwa au kuachwa pale kinapoigusa siku hiyo au watu hao.

Wengi wanaosafiri kwa mara ya kwanza huhesabu miji, ilhali hesabu yenye manufaa ni ya usiku. Kila unapohama mji mmoja kwenda mwingine unapoteza karibu siku nzima: asubuhi ya kufunga mizigo na kuachia chumba, saa za kituoni au uwanjani, kisha jioni ya kutafuta nyumba ngeni katika mitaa usiyoijua. Miji sita katika wiki tano ina maana ya karibu siku tano zinazokwenda njiani, mbali na safari ya kutoka nyumbani na ya kurudi. Kwa kijana wa miaka 25 mwenye begi la mgongoni hilo huvumilika. Kwa wanawake wawili watakaotaka kulala vizuri, kuamka bila haraka na kula chakula kilichopikwa na mtu wanayemfahamu, halina faida. Kwa hiyo ninapendekeza muache Roma na Istanbul. Roma inawatoa nje ya njia kuelekea kusini bila sababu iliyo yenu, na Istanbul inaongeza nchi nyingine yenye taratibu zake za kuingia. Paris naibakiza kwa sababu ipo njiani kati ya Berlin na London, na kuipitia kwa treni hakuwaongezei viza.

Sasa niizungumzie siku yenyewe, kwa kuwa hapo pana tatizo ambalo pengine hujalitambua. Tarehe 4 Oktoba 2027 itakuwa Jumatatu, na Makumbusho ya Historia ya Asili ya Berlin, yaani Museum für Naturkunde, hufungwa kila Jumatatu. Isitoshe, siku inayotangulia, Jumapili ya tarehe 3 Oktoba, ni sikukuu ya taifa ya Ujerumani, inayoadhimisha kuungana kwa nchi hiyo mwaka 1990. Nchini Ujerumani maduka mengi hayafunguliwi Jumapili wala siku za sikukuu, hivyo vyakula na mahitaji ya siku hizo lazima yanunuliwe Jumamosi. Ukienda bila kulijua hili, utaikuta siku uliyoisubiri miaka yote ikikusimamisha mbele ya mlango uliofungwa.

Napendekeza ziara ya makumbusho iwe Jumamosi ya tarehe 2 Oktoba, ili binti yako aweze kuja kutoka London mwishoni mwa juma na kuwa nanyi. Mwishoni mwa juma watu huwa wengi, basi ingieni mara tu milango inapofunguliwa asubuhi. Jumatatu yenyewe iwe ya mlo wa familia, kwa meza iliyowekwa mapema kwa jina lako. Ukitaka kumwona mjusi mara ya pili kwa utulivu, rudi asubuhi ya Jumanne tarehe 5. Kabla ya kukata tiketi yoyote, hakikisha kwa kuandika barua pepe kwamba ukumbi wa dinosaria utakuwa wazi juma hilo, maana makumbusho makubwa ya Ulaya hufunga kumbi zao kwa ukarabati, wakati mwingine kwa muda mrefu.

Wewe ni mwalimu wa historia, kwa hiyo sitakueleza Tendaguru ni nini, lakini mdogo wako na binti yako watafurahia zaidi wakienda wakiwa wamekwisha kusimuliwa. Mifupa ile ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913 katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuiacha nchi ya kusini katika njaa na vifo. Mamia ya watu wa kwenu walichimba, wakafunga mifupa, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 aina moja ya dinosaria wa Tendaguru ilipewa jina la kisayansi Australodocus bohetii kwa kumkumbuka. Mjusi mkubwa utakayemwona, ambaye wataalamu humwita Giraffatitan, ana kimo cha zaidi ya mita 13, na kiunzi chake kilisimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Mtu wa Lindi anapomtazama, anaitazama kazi ya mikono ya watu ambao wajukuu na vitukuu wao huenda amewafundisha darasani. Sioni sababu nyingine ya safari iliyo bora kuliko hiyo, na ndiyo maana naitetea Berlin iwe kituo cha kwanza na isipunguziwe hata usiku mmoja.

Katika mji huohuo zipo sehemu mbili nyingine ambazo hazimo katika matembezi ya watalii wengi. Katika mtaa wa Wedding kuna eneo linaloitwa Mtaa wa Kiafrika, ambako mwaka 2024 barabara iliyokuwa na jina la Petersallee ilibadilishwa na sehemu yake moja ikaitwa Maji-Maji-Allee. Katika eneo la Neukölln, barabara iliyokuwa na jina la Hermann von Wissmann, kamanda wa majeshi ya Wajerumani kwenye pwani yetu, tangu mwaka 2021 inaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya mwanasiasa wa Tanganyika na baadaye Tanzania uliyemsikia tangu utotoni. Sehemu zote mbili hufikika kwa treni za mjini, hazina kiingilio, na zinaweza kutembelewa kwa nusu siku moja kila moja. Jumapili ya sikukuu, maduka yakiwa yamefungwa, ni wakati mzuri wa kuzitembelea.

Kuhusu mpangilio wa vituo, ningeanza na Berlin na kumalizia na Maskati, na sababu si tarehe ya kuzaliwa peke yake. Mwanzoni mwa Oktoba Ulaya ya kaskazini bado ina mwanga wa kutosha na baridi ambayo koti la kawaida na sweta huizuia. Kadiri mwezi unavyosonga, siku hufupika na mvua huongezeka. Oman ni kinyume chake, kwani Septemba Maskati bado ni joto kali, na hali ya hewa huanza kuwa ya kupendeza kuelekea Novemba. Kwa hiyo mtakuwa mnatoka kwenye baridi mkielekea kwenye joto, jambo ambalo mwili wa mtu wa pwani hulishukuru. Zaidi ya hayo, kituo cha mwisho ndicho mnachofika mkiwa mmechoka, na ni vizuri uchovu huo uwakute nyumbani kwa ndugu wanaozungumza Kiswahili, wenye kuwapikia wali na kuwaacha mlale mchana, kuliko uwakute katika chumba cha hoteli. Zawadi nazo zitanunuliwa huko mwishoni, halwa na ubani kutoka soko la Mutrah, badala ya kuburuzwa kutoka mji hadi mji.

Tarehe ningezipanga hivi. Ondokeni Dar es Salaam Jumanne tarehe 28 Septemba na kufika Berlin Jumatano tarehe 29. Hapo mtakaa usiku saba, mkiwa na siku mbili nzima za kupumzika kabla ya Jumamosi ya makumbusho, kwa sababu anayeshuka kwenye ndege leo hafai kusherehekea kesho. Jumatano tarehe 6 Oktoba mwende Paris, usiku tano. Jumatatu tarehe 11 mvuke kwenda London, usiku kumi na mmoja kwa binti yako. Ijumaa tarehe 22 mpande ndege ya usiku kwenda Maskati, mfike Jumamosi, mkae usiku tisa, na Jumatatu tarehe 1 Novemba mrudi nyumbani. Jumla ni karibu wiki tano, na kuhama ni mara tatu tu.

Kutoka Berlin hadi Paris ipo treni ya moja kwa moja ya mchana iliyoanza Desemba 2024, ambayo hutumia karibu saa nane kupitia Frankfurt na Strasbourg. Saa nane zinasikika kuwa nyingi, lakini ukijumlisha muda wa kwenda uwanja wa ndege, kukaguliwa, kungoja na kuingia mjini tena, tofauti na ndege si kubwa, na katika treni mtakaa mkitazama nchi, mtainuka kunyoosha miguu, wala hakuna atakayepima mizigo yenu. Kutoka Paris kwenda London, treni ya Eurostar hupita chini ya bahari kwa muda wa saa mbili na dakika chache. Kumbukeni kwamba ukaguzi wa kuingia Uingereza hufanyika palepale kituoni Gare du Nord kabla ya kupanda, kwa hiyo fikeni mapema na nyaraka zote ziwe mkononi. Mjini Paris sitawachosha kwa maelekezo mengi: kateni tiketi za Louvre mapema kwa mtandao, mjue kwamba hufungwa Jumanne, na mchague nyumba ya kulala yenye lifti, maana majengo mengi ya zamani hayana, na ngazi za metro peke yake zinatosha kuyachosha magoti.

Nimefika kwenye viza, ambako safari nyingi za aina hii huharibikia. Mtahitaji ruhusa tatu tofauti: viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, itakayowaruhusu kuingia Ujerumani na Ufaransa, viza ya mgeni ya Uingereza, na viza ya Oman. Uingereza haimo katika Schengen, na viza ya upande mmoja haimfungulii mtu mlango wa upande mwingine.

Viza ya Schengen huombwa kwa nchi mtakayokaa muda mrefu zaidi. Kwa kuwa Berlin ina usiku saba na Paris mitano, mtaomba kwa Ujerumani. Mkibadili hesabu hiyo ikawa sawa, huangaliwa nchi ya kwanza kuingia, ambayo kwenu ni hiyohiyo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15, na uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ingawa sheria inaruhusu ifike siku 45. Ada ya mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, wala hairudishwi mtu akinyimwa. Pasipoti inapaswa kuwa imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya kutoka Schengen. Mimi huwashauri wasafiri wangu wahesabu miezi 6 baada ya siku ya kurudi nyumbani, kwani nchi nyingine na mashirika ya ndege hutumia kipimo hicho. Kama mdogo wako alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupata pasipoti ya kielektroniki mwaka 2018, aitazame leo, maana itamalizika mapema mwaka 2028 na atalazimika kuibadilisha kabla ya maombi.

Viza ya Uingereza nayo haiombwi kabla ya miezi 3 kufikia siku ya safari. Kwa tarehe nilizopendekeza, mlango wenu utafunguliwa tarehe 11 Julai, na majibu kwa kawaida huchukua kama wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole. Hapo ndipo penye fundo, kwa sababu ubalozi wa Ujerumani utataka kuona kwamba mtaondoka Schengen, wakati ruhusa ya kuingia mnakokwenda bado haiwezi kuombwa. Njia ninayoiamini ni kuanza na Ujerumani mwezi Mei, mkiambatisha ratiba kamili ya safari nzima hadi ndege ya kurudi Dar es Salaam, pamoja na barua fupi inayoeleza wazi kwamba ombi la Uingereza litapelekwa Julai kwa kuwa taratibu zake haziruhusu mapema zaidi. Maafisa wa viza wanazifahamu taratibu hizo. Wanachokichukia ni pengo lisiloelezwa. Pasipoti zikirudi, mwende Uingereza, na viza ya Schengen iliyomo ndani itakuwa ushahidi kwamba mmekwisha kuaminiwa. Viza ya Oman huombwa kwa mtandao kupitia Polisi ya Kifalme ya Oman, na hiyo muiache hadi Septemba ili isipitwe na wakati kabla hamjafika.

Miadi ya kupeleka maombi ni kitu kingine kabisa, kwani nafasi hujaa kabla ya majira ya joto ya Ulaya, wakati wanafunzi na familia nyingi wanaposafiri. Anzeni kutafuta nafasi mwezi Machi. Na hotelini, wekeni nafasi zinazoweza kufutwa bila gharama, tena msilipie tiketi ya ndege kabla ya viza kutoka, kwani kinachotakiwa na ubalozi ni nafasi iliyowekwa, si tiketi iliyolipiwa.

Swali gumu ambalo maafisa watajiuliza kuhusu wewe ni hili: mtu anayestaafu akiwa safarini, mwenye binti London, ana kitu gani cha kumrudisha Lindi? Usilikwepe swali hilo. Litangulie kwa barua ya mwajiri inayotaja tarehe ya kustaafu na ruhusa ya likizo yako, taarifa ya michango yako katika PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inayoonyesha kwamba pensheni yako inakusubiri nchini, hati ya nyumba au shamba, na vyeti vya watoto au wazazi unaowatunza. Kwa kuwa utaondoka siku sita kabla ya kustaafu, bado utakuwa mtumishi wa umma, na likizo pamoja na ruhusa ya kusafiri nje viombwe kwa maandishi mapema. Binti yako aandike barua ya mwaliko akieleza mtalala wapi na nani atalipia nini, aambatishe uthibitisho wa makazi yake halali, na kila anachokisema kilingane na mlichokisema ninyi. Mdogo wako ana ombi lake peke yake, lenye ushahidi wake mwenyewe wa fedha au maelezo ya nani anamgharamia, na vyeti vya kuzaliwa vya nyote wawili vitathibitisha undugu wenu.

Naomba uyaangalie majina kwa makini. Kwa watu waliozaliwa miaka ya 1960, ni kawaida kukuta cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, na akaunti ya benki ina jina la ndoa. Tofauti ya herufi moja inaweza kueleweka, lakini tofauti ya jina zima au ya tarehe ya kuzaliwa hutiliwa shaka. Marekebisho ya nyaraka yanaweza kuchukua miezi, ndiyo maana kazi hiyo iwe ya kwanza kuliko zote.

Yafaa pia mjue mapema mtakachofanya Uingereza ikikataa. Ratiba yenu inaweza kuipokea hali hiyo: mtakaa Paris usiku chache zaidi, ikiwa siku zilizoandikwa katika viza ya Schengen zinatosha, kisha mtakwenda Maskati moja kwa moja, na binti yako atakuwa amekwisha kuwa nanyi Berlin. Kwa sababu hiyo, katika ombi la Ujerumani ombeni siku chache za ziada, na mnunue tiketi ya ndege ambayo mji wa kuondokea unaweza kubadilishwa kwa kulipa tofauti.

Tiketi yenyewe iwe moja yenye vituo vingi, wala si tiketi tatu za kwenda bila kurudi, ambazo kwa mashirika makubwa kila moja inaweza kukaribia bei ya kwenda na kurudi. Mfano unaowezekana ni Qatar Airways, inayofika Dar es Salaam, Berlin, London na Maskati kupitia Doha, hivyo wakala anaweza kuandika Dar es Salaam hadi Berlin, kisha London hadi Maskati, na Maskati hadi Dar es Salaam katika tiketi moja. Linganisheni bei na mashirika mengine yenye mtandao kama huo. Faida ya tiketi moja ni kwamba ndege ya kwanza ikichelewa mkaikosa inayofuata, shirika lina wajibu wa kuwapangia nyingine. Sharti lake ni kwamba vipande vyote vitumike kwa mfululizo wake. Msafiri asipotokea kwa kipande kimoja, kwa kawaida vinavyofuata hufutwa.

Kuhusu fedha nina neno moja la dhati. Usiipange safari hii kwa kutegemea mafao ya mkupuo utakayolipwa baada ya kustaafu. Kwanza, yatalipwa baada ya tarehe 4 Oktoba, wakati gharama kubwa zote zitakuwa zimekwisha kulipwa. Pili, fedha hizo ni za miaka inayokuja, za matibabu, za paa la nyumba, na za siku ambazo watoto nao watakuwa na shida zao. Kama akiba yako haitoshi kwa ratiba hii, punguza Paris kabla ya kugusa mkupuo. Zaidi ya hayo, akaunti inayoonyesha akiba iliyokua polepole kwa miezi mingi humridhisha afisa wa viza kuliko kiasi kikubwa kilichoingia wiki moja kabla ya maombi, hata kama kimetoka mahali halali. Mkiwa njiani, msitegemee kadi moja: kila mmoja awe na kadi yake, benki ijulishwe nchi mtakazopita, na euro chache taslimu zigawanywe katika mikoba miwili.

Bima ya afya ya safari ni ya lazima kwa Schengen, na kinga yake isipungue euro 30,000. Lakini bima nyingi zinazouzwa kwa ajili ya viza huishia mipakani mwa Schengen, nanyi mtakuwa na siku nyingi zaidi nje yake. Nunueni inayofunika nchi zote nne hadi siku ya kurudi, na muulize mambo mawili kwa maandishi: iwapo inalipia maradhi mliyokuwa nayo kabla ya safari, kama shinikizo la damu au kisukari, na umri wako unahesabiwa kwa siku ya kununua au kwa siku ya tukio, kwa sababu utavuka miaka 60 ukiwa njiani.

Umri huo una maana katika chanjo pia. Nchi kadhaa, na wakati mwingine mashirika ya ndege, huomba kadi ya njano kwa msafiri anayetoka Afrika Mashariki. Tangu Julai 2016 cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni cha maisha yote, nacho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Kama hujawahi kuchanjwa, muone daktari ukiwa bado na miaka 59 na uzungumze naye kwa kina, kwa kuwa hatari ya madhara makubwa kwa anayechanjwa mara ya kwanza huongezeka kwa watu wa miaka 60 na zaidi. Mwulize daktari huyohuyo kuhusu kuganda kwa damu miguuni katika ndege za muda mrefu, na kama unafaa kuvaa soksi za kubana. Dawa zenu zikae katika mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Nchi za Ghuba, Oman ikiwemo, hukagua kwa ukali dawa za maumivu kama tramadol na zile zenye codeine.

Mkifika Schengen, mtapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole mpakani kwa utaratibu mpya uliozinduliwa Oktoba 2025. Foleni inaweza kuwa ndefu, kwa hiyo msiunganishe ndege nyingine kwa muda mfupi baada ya ukaguzi huo.

London na Maskati naziacha mikononi mwa wenyeji wenu, isipokuwa mambo mawili. Ukipenda kuona maandishi ya kale ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, chuo cha SOAS mjini London kinayahifadhi, lakini mgeni huandika mapema kuomba nafasi ya kusoma. Na Oman, waombeni ndugu wawapeleke mji wa Nizwa alfajiri ya Ijumaa tarehe 29 Oktoba, siku ya mnada wa mifugo chini ya ngome, wakati Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, muutembelee siku nyingine asubuhi bila haraka.

Mwisho, kaeni chini na mdogo wako kabla ya kukata tiketi, mzungumze kuhusu mwendo. Nimeona ndugu wanaopendana wakirudi wakiwa hawasemezani kwa sababu mmoja alitaka kuamka saa kumi na moja alfajiri na mwingine saa tatu asubuhi, au mmoja alihesabu kila senti na mwingine hakuhesabu kabisa. Kubalianeni sasa ni nani anashika mfuko wa pamoja wa chakula na teksi, ni kiasi gani kila mmoja anaweka humo kwa juma, na kwamba katika kila mji kutakuwa na nusu siku ambayo kila mmoja anakwenda anakotaka bila kutoa maelezo. Berlin mchukue vyumba viwili kama bei inaruhusu. London na Maskati mtalala kwa wenyeji, na hapo hamtakuwa na la kuchagua.